UFAFANUZI KUHUSU AMRI ZA PROGRAMU YA PuTTY

Watumishi wa Serikali wanaotumia kompyuta katika kazi zao, pamoja na wananchi wenye haja hiyo, wanapewa ufafanuzi ufuatao juu ya PuTTY, programu inayomwezesha mtu aliyeko Chake Chake kuiendesha kompyuta iliyopo Unguja kana kwamba ameketi mbele yake.

Kabla ya mwaka 1995 kazi hiyo ilifanywa zaidi kwa njia ya Telnet, ambayo husafirisha kila kitu kikiwa wazi, neno la siri likiwemo. Katika mwaka huo Bwana Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, alibuni utaratibu wa SSH baada ya wadukuzi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo hicho. PuTTY, iliyoandikwa na Bwana Simon Tatham wa Uingereza, hutumia utaratibu huo na hutolewa bila ya malipo.

Wengi huifungua kwa kubonyeza picha yake na kujaza dirisha linalotokea. Ifahamike kuwa programu hii hupokea pia maelekezo yaliyoandikwa katika mstari mmoja wa amri, kwa mfano:

putty -ssh -P 22 karani@kumbukumbu

Hapo -ssh hutaja utaratibu, -P hutaja namba ya mlango, na mwisho ni jina la mtumiaji na la kompyuta inayoitwa. Herufi P lazima iwe kubwa. Aliyezoea programu ya ssh ya mifumo ya Unix, ambayo hutumia p ndogo, hukosea hapa mara nyingi. Endapo mipangilio imekwisha hifadhiwa kwa jina fulani, inatosha kuandika -load na jina hilo.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ni chaguo la -pw, ambalo humruhusu mtumiaji kuandika neno la siri ndani ya amri yenyewe. Linarahisisha kazi, na ndiyo sababu linapendwa. Lakini neno lililoandikwa hivyo hubaki katika sifa za picha ya mkato iliyowekwa kwenye kioo, na yeyote atakayeketi kwenye kiti hicho wakati wa chakula cha mchana anaweza kulisoma. Aidha, wakati programu ikiendelea kufanya kazi, Windows inaweza kuonyesha amri nzima katika orodha ya kazi zinazoendelea. Katika ofisi yenye daftari la vizazi au hati za ardhi, hiyo ni sawa na kuacha ufunguo wa kabati mlangoni. Toleo la mwaka 2022 liliongeza -pwfile, ambalo husoma neno la siri kutoka katika faili. Hata hivyo faili hilo nalo lifungwe ili lisomwe na mwenyewe tu.

Njia iliyo bora ni -i, ikifuatwa na mahali lilipo faili la ufunguo binafsi lenye kiishio cha .ppk. Ufunguo huo ulindwe kwa fungu la maneno ya siri, na programu ya Pageant inaweza kuushika ili mtumishi asiliandike kila mara.

Hali kadhalika, mara ya kwanza kuunganishwa na kompyuta ngeni, PuTTY huonyesha alama ya ufunguo wa kompyuta hiyo na kuuliza kama inakubaliwa. Wengi hukubali bila ya kusoma. Alama hiyo ilinganishwe kwanza na ile iliyotolewa na msimamizi wa kompyuta hiyo. Onyo likitokea kwamba ufunguo umebadilika, mtumishi asiendelee mpaka msimamizi athibitishe kuwa mabadiliko hayo ni yake. Kwa kazi zinazojiendesha zenyewe usiku hutumika plink, ndugu yake PuTTY asiye na dirisha, pamoja na -batch: badala ya kusubiri jibu la mtu asiyekuwepo, huyaacha mawasiliano palepale. Alama inayotarajiwa inaweza kutajwa mapema kwa -hostkey.

Mawasiliano yakikataa, amri ya plink irudiwe ikiwa na -v, ambayo huandika kila hatua iliyofikiwa. Maandishi hayo yapelekwe kwa fundi kama yalivyo, bila ya kuambatanisha neno la siri hata akiliomba.