Nyumba Zisizo na Baraza

Juma lililopita nilimzuru mwalimu wangu wa zamani, aliyehamia ghorofa ya nne huko Nyali, Mombasa. Nilipobisha hodi langoni niliulizwa jina mara mbili. Aliniambia kuwa jirani yake wa mlango wa pili hamjui hata kwa sura.

Awali alikaa Mji wa Kale, mtaa mmoja nasi, katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Lakini nje, kando ya mlango, palikuwa na baraza ya mawe iliyoshikana na ukuta. Hapo mgeni alinyweshwa kahawa bila kuingia ndani, wazee wakasuluhisha ugomvi, nasi watoto tukakaripiwa na kila mpita njia (jambo ambalo, nakiri, hatukulipenda).

Wasanifu majengo wetu hupima ngazi, vyoo na maegesho ya magari. Je, msomaji, ni nani aliyewaambia kuwa kikao cha jirani si sehemu ya nyumba?

Nilipoaga, Mwalimu alinisindikiza hadi ngazini, akitaka tuzungumze zaidi. Hapakuwa na mahali pa kuketi.