Masomo ya Mbali Yaanze na Mzazi

Kipindi cha redio hakimngojei mtu. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa kumi", mtoto mmoja anafungua. Mwingine ameziba masikio kwa viganja kwa sababu mkwaruzo wa mawimbi unamuumiza, na wa tatu yuko nje tayari, anafukuzana na kuku. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi nchini Kenya baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ilipeleka masomo redioni, kwenye televisheni na mtandaoni, na ni Januari 2021 tu ndipo wanafunzi wote waliporudi darasani. Masomo yale yalimfaa mtoto anayeweza kutulia akasikiliza. Mwenye usonji, au mwenye upungufu wa umakini na uchangamfu uliopita kiasi, yaani ADHD, alibaki mikononi mwa mama, baba au bibi ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kumfundisha mtoto huyo.

Mtoto mwenye ADHD hakukosa malezi. Ubongo wake hupata taabu kupuuza kila kipya kinachopita na kushika maagizo mengi kwa mpigo. Mwambie achukue daftari, aandike tarehe, kisha ajibu swali la kwanza: atafika kwenye daftari, na yaliyobaki yatakuwa yameshamtoka. Mwenye usonji naye hutegemea utaratibu anaoujua. Shule ikifungwa ghafla, sare, njia ya kwenda na kengele ya mapumziko vyote hutoweka siku moja, na kilio chake huonekana kama ukaidi. Hawa si watoto wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Shirika hilohilo lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji. Ni vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na wawezeshaji si lazima wawe madaktari bingwa. Muuguzi, mwalimu au mhudumu wa afya ya jamii akiandaliwa anaweza kuviongoza. Mwaka 2022 mafunzo hayo yalitoka pia kwa njia ya mtandao. Anayejifunza kwa mbali hapa ni mzazi. Mtoto anajifunza kwa mikono, papo hapo nyumbani.

Chukua mfano wa kunawa mikono. Mzazi huchora picha tano kwenye boksi kuukuu: kufungua bomba, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kufuta. Anazibandika ukutani kwa mpangilio huo, usawa wa macho ya mtoto. Hatua nne za kwanza anamshika mkono, ya tano anamwachia afute mwenyewe, kisha anamsifu palepale. Akiiweza, siku nyingine anaachiwa mbili za mwisho. Kila mara mtoto anamaliza kazi kwa ushindi, na hilo linamfanya akubali kurudia kesho.

Kwa mwenye ADHD, kazi ya nusu saa ikatwe vipande vya dakika kumi. Agizo liwe moja kwa wakati mmoja, na katikati apewe kazi ya kumtoa jasho kidogo: kuchota maji, kuokota kuni, kukimbia hadi mwembeni na kurudi. Hesabu ifanywe kwa nyanya za mboga ya jioni. Anayehangaika kwenye kiti na asome amesimama.

Simu ina kazi yake katika haya yote. Video ya dakika moja ya mtoto akinawa, ikitumwa kwa mwalimu, humwonyesha hatua inayomshinda, na jibu la sauti humfikia hata mzazi asiyesoma kwa urahisi. Bando dogo linatosha.

Mafunzo hayo ya walezi yana pia sehemu ya ustawi wa mlezi mwenyewe, na inastahili. Mama asiyelala, anayesemwa na majirani kwamba kamdekeza mtoto au karogwa, hawezi kuwa na subira saa kumi na mbili mfululizo. Jamaa akimpokea mtoto hata saa moja, naye amesaidia masomo.

Mwalimu mwenye mwanafunzi wa namna hii asingoje shule zifungwe tena. Wakati wa likizo ampigie mzazi simu, wachague pamoja jambo moja dogo la kufundisha, kisha ampigie tena baada ya wiki moja kuuliza lilivyokwenda.