Mawimbi Yaletwayo na Mzunguko wa Dunia

Mawimbi tuyaonayo ufukoni huletwa na upepo. Yako mengine, yenye upana wa mamia au maelfu ya kilomita, ambayo hayawezi kuwako pasipo mzunguko wa Dunia. Aliyeyaeleza mwaka 1939 ni Carl-Gustaf Rossby, mtaalamu wa hali ya hewa aliyezaliwa Uswidi.

Sababu yake ni hii. Asimamaye kwenye ncha ya Dunia hugeuzwa mahali pake kama pia. Asimamaye ikweta huchukuliwa mashariki tu, wala hageuzwi. Baina yao, mgeuko huzidi kadiri tuiachavyo ikweta. Basi maji yakisukumwa mbali na ikweta, mgeuko waliokuja nao haulingani na wa pale yalipofika. Hujipinda, yakarudi, yakapita kiasi, yakarudi tena. Hivyo wimbi huzaliwa, na umbo lake huelekea magharibi. Hewa nayo hufuata kanuni hiyo hiyo, ila pepo kali zitokazo magharibi huweza kulirudisha wimbi mashariki.

Baharini wimbi hili huinua uso wa maji kwa sentimita chache tu. Lakini chini, mpaka wa maji ya moto na ya baridi husogea makumi ya mita. Mwaka 1997 mawimbi ya namna hii yalivuka Bahari ya Hindi, yakayashusha maji ya baridi upande wa magharibi. Bahari ikazidi joto, na jambo hilo likachangia mvua zilizoleta gharika Kenya, Somalia na Tanzania.

Safari hiyo huchukua miezi. Kwa hiyo setilaiti zikiyapima mawimbi mapema, watu huweza kuonywa kabla mvua haijanyesha.