Data ikibadilika, hesabu isianze upya

Wengi waliosoma hisabati ya kidato cha nne nchini Tanzania wanaukumbuka upangaji mstari: unachora mistari kwenye karatasi ya grafu, unatia kivuli eneo linalotimiza masharti yote, kisha unatafuta pembe yenye faida kubwa au gharama ndogo kuliko zote. Leonid Kantorovich aliiasisi hesabu hiyo Leningrad mwaka 1939, alipotakiwa kupanga kazi za mashine za kiwanda cha plaiwudi. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alibuni njia ya kuikokotoa, na mwaka huohuo John von Neumann akamweleza kwamba kila swali la aina hii lina pacha wake, linalouliza bei badala ya kiasi.

Pacha huyo ndiye nguzo ya utafiti wa leo kuhusu data isiyotulia. Mitandao ya barabara, simu na marafiki hubadilika kila mara, na kompyuta ikianza hesabu upya kwa kila badiliko itaachwa nyuma.

Tuchukue mji wenye makutano manne, A, B, C na D, yaliyounganishwa kwa barabara AB, BC na CD. Kila barabara inatakiwa iwe na kamera kwenye ncha yake moja angalau, na kila kamera ni shilingi 1. Tunataka kamera chache iwezekanavyo. Swali pacha ni hili: kila barabara itoe mchango, ila michango ya barabara zinazokutana mahali pamoja isizidi shilingi 1. Kwa kuwa kila barabara inagusa kamera, na hakuna kamera inayopata zaidi ya shilingi 1, jumla ya michango haiwezi kuipita idadi ya kamera, hata zipangwe kwa ustadi gani.

Sasa AB itoe 1 na CD itoe 1. BC haitoi kitu, maana ncha zake zote zimejaa, yaani zimefikia shilingi 1. Tukiweka kamera kila palipojaa, tunapata nne, ilhali B na C peke yake zingetosha. Tumetumia mara mbili ya gharama bora, na huo ndio ukomo katika mtandao wowote, kwani kila mchango huhesabiwa kwenye ncha mbili tu.

Data ibadilike. AB ikifungwa, mchango wake unaondoka na kamera za A na B zinang'olewa. BC bado inalindwa na C. Ikifunguliwa barabara mpya kutoka D hadi E, hakuna la kufanya, kwa sababu D imejaa. Kazi inabaki pale badiliko lilipotokea, na dhamana ya mara mbili haivunjiki.

Ugumu unakuja pale makutano mamoja yanapobeba barabara maelfu: mchango mmoja ukiondoka, je, tuzikague zote? Mwaka 2015 Sayan Bhattacharya, Monika Henzinger na Giuseppe Italiano walijibu kwa kuyapanga makutano katika ngazi na kuruhusu michango ipungue kidogo chini ya kikomo kabla ya kurekebishwa. Dhamana yao inazidi mara mbili kwa kiasi kidogo tunachojichagulia, na wastani wa kazi kwa kila badiliko hukua kwa kadiri ya logi ya idadi ya makutano. Kutoka makutano 1,000 hadi 1,000,000, logi hiyo huongezeka maradufu tu.

Thamani ya njia hii ni uthibitisho: algoriti haijui kesho italeta nini, lakini michango ni ushahidi kwamba haijapotea mbali. Walimu wa hisabati, msiishie kwenye kuchora grafu. Wafundisheni wanafunzi swali pacha pia, kwani ndilo watakalokutana nalo wakiingia kwenye sayansi ya kompyuta.