Swichi ya AUTO haipimi ukungu: yawapasayo madereva wa Rulenge kuzijua taa zinazojiwasha

Na Mwandishi Wetu, Ngara

Saa 12 na nusu asubuhi, giza jepesi bado limeifunika Rulenge. Wilaya ya Ngara ipo magharibi mwa nchi, ikipakana na Rwanda na Burundi, na jua huchomoza huku takribani nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam, ilhali saa inayofuatwa ni moja kwa nchi nzima. Kwa sababu hiyo, muda ambao mwanafunzi wa Dar es Salaam anakwenda shule kwa mwanga wa jua, mwenzake wa Rulenge anatembea kandokando ya barabara katika utusitusi, pamoja na waendesha baiskeli waliopakia mikungu ya ndizi na bodaboda zinazowahi abiria wa kwanza.

Ni katika muda huo ambapo dereva wa gari la kisasa hugeuza ufunguo, akaona swichi ya taa ipo kwenye alama ya AUTO, akaondoka akiamini kwamba gari limeshamfanyia kazi. Mara nyingi huwa limeifanya. Yapo mazingira, hata hivyo, ambamo halijaifanya, na ndiyo chimbuko la malalamiko ya madereva wengi: taa huwaka zisipohitajika, hukataa kuwaka zinapohitajika, au humulika machoni mwa mtu anayekuja mbele. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na yapi ya kufanya.

Kihisi hupima mwanga, hakipimi umbali wa kuona

Mfumo wa taa zinazojiwasha hutegemea kihisi kidogo, ambacho mafundi wengi hukiita sensa. Kwa kawaida huwekwa juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, au nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma. Kazi yake ni kupima kiasi cha mwanga kinachotoka angani. Mwanga ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa kiwandani, taa huwaka. Ukipanda, taa huzimika baada ya muda mfupi.

Nchini Japani, ambako hutoka magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa Tanzania, aina mpya za magari ya abiria zilianza kulazimika kuwa na mfumo huo Aprili 2020. Kanuni hiyo inataka taa ziwake mwanga unaposhuka chini ya lux 1,000, kipimo ambacho hufikiwa jioni kabla giza halijaingia kabisa. Jua kali la mchana hutoa takribani lux 100,000. Magari yaliyotengenezwa kabla ya kanuni hiyo hufuata viwango ambavyo kila mtengenezaji alijiwekea, ndiyo maana magari mawili yaliyoongozana yanaweza kuwasha taa kwa nyakati tofauti.

Hapa ndipo kilipo kiini cha tatizo. Ukungu unaotanda mabondeni wakati wa mvua ni mweupe na hupitisha mwanga mwingi. Kihisi kikipima, hukuta mwanga wa kutosha na kuamua kwamba ni mchana, kumbe dereva haoni zaidi ya hatua chache mbele. Ndivyo ilivyo pia kwa vumbi la barabara ya changarawe wakati wa kiangazi. Gari linalofuata nyuma ya lori huzama ndani ya wingu la vumbi chini ya jua kali, na taa zake hubaki zimezimwa. Kihisi kimejibu sawasawa swali moja tu kinaloulizwa: je, kuna giza? Swali la kama gari linaonekana hakiulizwi.

Malalamiko ya taa kuwaka mchana gari linapopita chini ya miti mirefu yana asili hiyo hiyo, ila hayo hayana madhara. Hatari ni upande wa pili. Kihisi kilichofunikwa na kitambaa cha dashibodi, maua ya plastiki au stika iliyobandikwa juu ya kioo hupokea mwanga pungufu na kuwasha taa mchana kutwa, jambo linalomfanya dereva aliyechoshwa auzime mfumo mzima, kisha akasahau kuwasha taa jioni.

Dashibodi inayong'aa si ushahidi

Katika magari ya zamani, dereva aliyesahau taa alikumbushwa na dashibodi yenye giza. Katika magari mengi ya sasa dashibodi hung'aa muda wote injini inapowaka. Aidha, baadhi ya magari huwa na taa ndogo za mchana zinazowaka mbele peke yake. Dereva huona mwanga mbele, huona saa zake zinang'aa, akahitimisha kwamba taa zote zimewaka, ilhali nyuma ya gari ni giza tupu. Njia ya uhakika ni kutazama alama ya kijani ya taa kwenye dashibodi, au kushuka na kuzunguka gari kabla ya safari.

Taa kamili zinazojishusha zenyewe

Baadhi ya magari yana kamera inayoshusha taa kamili, maarufu kama fulu, inapoona gari jingine. Kamera hiyo hutafuta taa za wengine. Mtembea kwa miguu hana taa, na baiskeli nyingi za vijijini hazina. Wote hao huendelea kumulikwa machoni. Vilevile, katika barabara za vilima kama za Ngara, kamera haiwezi kuona gari lililo upande wa pili wa kilele mpaka limeshatokeza, na kwa sekunde hizo dereva wa pili huwa amepigwa na mwanga kamili. Dereva anayepanda kilima na kuona mng'ao ukijitokeza juu yake anapaswa kushusha taa kwa mkono wake bila kusubiri kamera.

Kinyume chake pia ni tatizo. Kamera inaweza kudanganywa na kibao cha barabarani kinachoakisi mwanga, ikashusha taa pasipokuwa na gari. Taa za chini humulika vizuri umbali wa takribani mita 40 hadi 60. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mita 40 huisha chini ya sekunde mbili.

Mzigo, mashimo na mpaka

Gari likipakia abiria na mizigo nyuma, pua yake huinuka na taa za chini hugeuka kuwa kero kwa wanaokuja mbele. Magari mengi yana kirekebishi karibu na usukani chenye namba kuanzia 0. Namba 0 ni ya gari lisilo na mzigo. Kadiri mzigo unavyoongezeka, ndivyo namba inavyopaswa kupandishwa ili mwanga ushuke. Katika magari yanayojirekebisha yenyewe, kazi hiyo hufanywa na kijiti kilichofungwa karibu na springi za nyuma. Mashimo na mawe hukivunja kijiti hicho kwa urahisi, na baada ya hapo taa zinaweza kubaki zimeelekea juu au chini mno. Dereva anayeona wenzake wanamwashia taa kila mara, ingawa ameshusha zake, aanze kwa kukikagua kijiti hicho.

Wilaya za Ngara na Biharamulo zina jambo jingine la pekee. Barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo hupitisha malori yanayokwenda na kutoka Rwanda, na njia ya Kabanga hupokea yale ya Burundi. Tanzania huendesha kushoto. Majirani hao wawili huendesha kulia. Taa za chini hutengenezwa kwa kuinua mwanga kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili kumulika watembea kwa miguu na alama. Gari lenye taa zilizotengenezwa kwa ajili ya upande wa kulia, likivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania, huinua mwanga huo upande wa magari yanayokuja. Swichi ya AUTO haitambui kwamba gari limevuka mpaka. Baadhi ya magari yana sehemu ya kubadili upande wa mwanga. Mengine huhitaji kibandiko maalumu juu ya kioo cha taa.

Yapasayo kufanywa

Dereva wa gari lililoagizwa Japani hukutana na kikwazo kingine: kitabu cha maelekezo na skrini huwa kwa Kijapani, hivyo hubaki na mipangilio aliyoikuta. Ni vema kumwomba fundi wa umeme wa magari aeleze swichi ya taa ina hatua ngapi na kila moja inawasha nini, kisha dereva azijaribu mwenyewe jioni gari likiwa limesimama.

Kwa safari za kila siku, kanuni ni nyepesi. Panapo ukungu, vumbi, mvua au utusitusi wa alfajiri, dereva azungushe swichi kutoka AUTO hadi alama ya taa za chini, ambayo huwasha pia taa za nyuma. Kioo cha mbele kisafishwe mbele ya kihisi, ndani na nje. Kirekebishi cha mwanga kiangaliwe kila gari linapopakia.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtambua dereva kuwa mwenye wajibu wa kuendesha kwa uangalifu, na wajibu huo hauhamii kwenye kihisi. Mwanafunzi anayetembea kwenda shule saa 12 na nusu asubuhi hana namna ya kujua swichi ya gari linalomjia imewekwa wapi. Anayejua ni dereva peke yake, na kuizungusha hatua moja humchukua muda mfupi kuliko kufunga mkanda.