Siku ya michezo haiondoi uchovu wa kazi peke yake

Ukirudi Juba kutafuta kazi, huenda ukafika Thongpiny, mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege wenye ofisi za mashirika ya misaada. Kijana anayefanya kazi humo mpaka usiku kila siku hupata uchovu usioisha kwa kulala. Huichukia kazi, na huona hafanyi lolote la maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hali hii hutokana na kazi, si ugonjwa. Wala si uvivu.

Kucheza pamoja nje, kama kuvuta kamba, huchangamsha mwili, na mdogo huzungumza na mkubwa wake bila woga. Lakini iwe siku ya kazi. Ukimwita mtu Jumapili umemnyang'anya mapumziko. Chezeni asubuhi na mapema, maji ya kunywa yawepo: Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto.

Kamba haipunguzi kazi. Mwongozo wa mashirika wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili wakati wa dharura unataka wafanyakazi wapangiwe saa za kazi na mapumziko, pamoja na wanaojitolea. Wahudumu wa afya ya jamii hapa kambini, nanyi mmo. Ukikosa usingizi wiki mbili, njoo kliniki.