Mashati Mawili, Gauni Moja

Shati la kiume la mtumba ni malighafi bora ya gauni kwa sababu kazi ngumu imeshafanywa. Kola imesimama, matundu ya vifungo yamefumwa, pindo limekunjwa na kushonwa, na kitambaa kimefuliwa mara nyingi kiasi kwamba kama kilikuwa cha kusinyaa, kimeshasinyaa. Fundi hodari hafumui shati lote na kuanza upya. Hutafuta kwanza vile vilivyoshonwa vizuri, avilinde, kisha akate penginepo.

Katika senta ya Kapsoit, kando ya barabara kuu ya Kericho kwenda Kisumu, mahitaji yote ya kazi hii yanapatikana karibu: mitumba na fundi mwenye cherehani ya miguu. Nguo hizo huingia nchini zikiwa zimefungwa kwa mabelo, lililozoeleka likiwa la kilo 45, na hutawanywa kutoka masoko makubwa kama Gikomba jijini Nairobi na Kibuye mjini Kisumu. Belo likifunguliwa, nguo safi kabisa, ambazo wachuuzi huziita kamera, huondoka kwanza na kwa bei ya juu. Mashati mapana ya XL na XXL mara nyingi hubaki, maana mabega yake humwangukia mvaaji mikononi. Upana huo unaowafukuza wanaume ndio unaolipa gauni kitambaa cha kutosha.

Biashara ya mitumba ilipanuka sana Kenya baada ya soko kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati viwanda vya nguo vya nchini vilipokuwa vikidhoofika. Kiwanda cha pamba cha Kicomi, Kisumu, ni kimoja kati ya vilivyoanguka katika kipindi hicho. Hasara hiyo ilikuwa kubwa na haistahili kusahauliwa. Lakini fundi anayegeuza shati kuwa gauni anarudisha sehemu ya kazi ya ushonaji nyumbani, na ujira wake unabaki kijijini.

Uchaguzi wa mashati ndio nusu ya mafanikio. Yanatakiwa mawili yenye upana unaokaribiana na uzito sawa wa kitambaa, kwani kitambaa chepesi kikishonwa na kizito huvutwa na mshono huanza kujikunja. Rangi zinaweza kutofautiana; mistari ya buluu hukaa vizuri na buluu tupu. Shati liinuliwe kwenye mwanga ili viwiko vilivyokonda vionekane, na makwapa yakaguliwe, kwa sababu doa la jasho la miaka mingi halitoki. Anayetaka kujua kama ni pamba achomoe nyuzi chache kutoka ndani ya mshono na kuziwasha: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa baridi ya Kericho mchanganyiko wa pamba na poliesta unafaa pia, kwa kuwa hukauka upesi. Hilo si jambo dogo mahali ambapo mvua ya alasiri ni desturi. Mashati yafuliwe asubuhi, yakauke kabisa na kupigwa pasi kabla ya kupimwa.

Vipimo huonyesha kwa nini mashati mawili yanatosha. Shati kubwa lina urefu wa sentimita 78 hivi, na mzunguko wa kifua wa karibu 120. La kwanza hukatwa kiunoni, kama sentimita 43 kutoka begani, na sehemu hiyo ya juu inakuwa kifua cha gauni. La pili hukatwa moja kwa moja chini ya makwapa. Pindo lake la mviringo likinyooshwa, hubaki pipa la kitambaa lenye urefu wa sentimita 46 hivi, nalo linakuwa sketi. Kipande cha chini cha shati la kwanza, sentimita 35 zilizobaki, huunganishwa chini ya sketi kikiwa na pindo lake la asili. Baada ya kutoa nafasi ya mishono, gauni hufika karibu sentimita 118 na kuishia kwenye muundi. Anayetaka liishie chini kidogo ya goti apunguze kipande hicho cha tatu kutoka juu, ili pindo lisiguswe.

Vipande vyote vitatu vina ukanda wa vifungo mbele, na hapa ndipo ufundi hujulikana. Kanda hizo zipangwe zikae mstari mmoja kutoka shingoni hadi chini, na kila mshono wa kuunganisha uangukie katikati ya vifungo viwili. Vifungo vya shati la kiume huachana kwa sentimita 9 hivi. Mshono ukiangukia juu ya kifungo, kitambaa hujaa pale na mguu wa cherehani hauwezi kupita vizuri; ukikosea nafasi, vifungo viwili vinabanana au pengo linaachama. Mpangilio ukikaa sawa, gauni halihitaji zipu. Shati la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu, kinyume na la kike, na hakuna faida ya kuhangaika kuligeuza.

Mabega hurekebishwa mwenyewe akiwa amelivaa. Fundi huweka alama ya chaki kwenye mfupa wa bega, hufumua mkono, hukata kwapa jipya kisha huurudisha mkono huohuo ukiwa umepunguzwa. Mbavuni hupunguzwa kidogo, kiunoni hutiwa marinda mepesi au lastiki. Mikono ya shati la pili hutoa mifuko miwili na mshipi. Kola iliyolika ukingoni haitupwi: hufumuliwa, hupinduliwa upande wa ndani uwe nje, na kushonwa tena mahali pake. Mwenye nyonga zaidi ya sentimita 105 aongeze shati la tatu, lipasuliwe na kutiwa pande zote mbili, badala ya kubana mishono hadi vifungo vivutane.

Ustadi huu una historia. Uingereza ilipogawa nguo kwa kuponi kuanzia Juni 1941, wanawake waligeuza suti na mashati ya waume zao waliokuwa vitani, na mwaka 1943 serikali ilichapisha kijitabu cha kuwaelekeza. Jijini Kampala, mbunifu wa mavazi Bobby Kolade, kupitia chapa yake ya BUZIGAHILL, hubomoa mitumba ya soko la Owino, huishona upya na kuiuza katika nchi zilikotoka nguo hizo. Machi 2020, Kenya iliposimamisha uingizaji wa mitumba hadi Agosti kwa hofu ya korona, wengi walikumbushwa kwamba nguo zilizokwisha kuwa kabatini zinaweza kushonwa upya.

Mteja aende kwa fundi na mashati yaliyofuliwa, akiwa na viatu atakavyovaa na gauni hilo, na asikubali mkasi ushikwe kabla urefu haujapimwa akiwa amesimama.